Vyumba Sita vya Temeke

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimerudi shule saa tisa. Sabuni imekwisha tena. Kipande kizima, nilikikata jana. Uani kamba zote tatu zimejaa nguo, na hakuna hata moja yangu wala ya wanangu.

Nimepika ugali wa watu tisa. Nimesahihisha madaftari thelathini na nane nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa, kwa sababu meza yangu imewekewa godoro la mtu.

Niandike nani yuko wapi, labda hasira itapungua. Nyumba ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Kimoja chetu, mimi na Kosmas mume wangu. Kimoja cha Imelda na Yusto, wanetu. Vinne vilijengwa vipangishwe, shilingi ishirini kila kimoja kwa mwezi, na kodi hiyo ndiyo ilipe mkopo. Cha kwanza yumo Baba Mdogo Anselmi, mdogo wa marehemu baba yake Kosmas. Alikuja kutoka Tabora mwezi wa Oktoba kutibiwa ngiri. Ngiri imepona. Cha pili yumo Gotfridi, binamu yake Kosmas, na mkewe na mtoto mchanga. Cha tatu wapwa wawili wanaotafuta kazi kwa kulala mpaka saa nne. Cha nne yumo Bi Mwanaidi, Mzaramo, mkaanga vitumbua. Huyo peke yake ndiye mpangaji. Tarehe mosi haijapambazuka vizuri, ishirini yake iko mkononi mwangu. Sabuni yake anaifungia chumbani.

Mkopo ni shilingi tisini na tano kila mwezi, kwa miaka kumi na miwili. Tulianza kulipa Agosti.

Hasira haikupungua.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele, humsikii mtu anayesema kando yako. Afadhali.

Nilisema vyumba vinne. Nataka iandikwe mahali, hata kama ni katika daftari hili tu. Vinne vya matofali ya saruji, viwili vyetu, viwili vya kupangisha, na deni ambalo mshahara wa Kosmas ungelibeba peke yake hata tusipate mpangaji hata mmoja. Ofisi ya mikopo ya nyumba ingetupa bila maswali. Lakini karani mwenziwe pale stesheni alikuwa amejenga sita. Basi. Mwanamume mzima anapita jioni akipima nyumba ya mwenziwe kwa hatua, akidhani simwoni.

Ofisi ikasema mshahara wake hautoshi kwa sita. Akarudi na fomu, akaongeza mshahara wangu wa ualimu. Akaongeza na kodi ya vyumba vinne, shilingi themanini, kana kwamba wapangaji wamekwisha simama mlangoni na mikeka yao. Karani wa mikopo akakubali. Hati ya kiwanja ikaingia kwenye kabati lao la chuma, iwe rehani. Na mimi nilitia sahihi. Nilikuwa na akili timamu, nafundisha watoto wa watu hesabu, na nilitia sahihi. Hilo silifuti.

Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Nne mara ishirini ni themanini, popote pale. Ila hatukujiuliza swali moja dogo: katika ukoo wetu ni nani aliyewahi kumtoza nduguye kodi? Tulikopa fedha juu ya vyumba ambavyo tangu msingi vilikuwa vya ndugu. Hatukujua. Tulijua. Sijui tena.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya gari moshi kutoka bara. Kosmas ni karani wa vifurushi, na dirisha lake linatazama mlango wanaotokea abiria. Ndugu hawana haja ya kuuliza njia. Wakishuka tu wanauona uso wake.

Leo wawili. Mama mmoja na bintiye, upande wa nyanya yake Kosmas. Imelda na Yusto wamehamia sakafuni kwetu.

Natamani angekuwa karani wa bandarini.

Ijumaa, 29 Machi

Nimefua koti la kazi la Kosmas. Mfukoni mna barua, imekunjwa mara nne. Ofisi ya mikopo inamkumbusha kwamba malipo ya Januari na ya Februari hayajafika.

Kila mwisho wa mwezi nilimkabidhi nusu ya mshahara wangu kwa ajili ya mkopo. Mkononi mwake. Na alinishukuru.

Nimemwuliza akiwa hajavua viatu. Ya Januari ilikwenda Tabora, msiba wa shangazi. Februari Gotfridi na wapwa walikamatwa barabarani hawana risiti za kodi ya kichwa, akawalipia wote watatu wasilale ndani. Anasema angefanyaje. Anasema ni ndugu. Anasema mwezi huu angelipa yote matatu kwa mpigo. Kwa mshahara upi? Wa gavana?

Nimeitupa barua kwenye karai la maji. Kisha nimeitoa nikaianika, maana itahitajika.

Ninamchukia leo. Kesho sijui. Leo ninamchukia.

Jumamosi, 30 Machi

Sijasema naye. Amelipa ya Machi peke yake, ameniwekea risiti chini ya kikombe changu. Sikuigusa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda mwenyewe ofisi ya mikopo. Karani ni kijana mwenye adabu, aliniita mama, akanifungulia faili. Ile miezi miwili isipolipwa yote hadi mwisho wa Juni, nyumba inapigwa mnada.

Nikauliza: ikiuzwa, tumemalizana? Akasema hapana. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya deni, kinachopungua kitaendelea kukatwa katika mshahara wa Bwana Kosmas. Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole, kama ninavyorudia mimi kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo mtu anaweza kutolewa katika nyumba na bado akawa anailipia. Na ni nani wa kutoa bei nzuri, wakati mtaa mzima umejaa nyumba mpya za mkopo na kila mwenye nyumba anahema?

Tungekopa ya vyumba vinne, miezi miwili mibaya ingekuwa miezi miwili mibaya. Tungekula mchicha, ikapita. Kwa sita, miezi miwili mibaya ni nyumba nzima.

Aliniambia pia, kwa upole, kwamba kwenye fomu yetu mapato ya kodi yanaonekana mazuri sana. Ningempiga na kile kidau chake cha wino.

Nimerudi kwa miguu mpaka Temeke. Sikutaka kukaa karibu na mtu ndani ya basi, nilikuwa na maneno mabaya kinywani.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Nimefanya upumbavu, na niliupanga mwenyewe kwa wiki nzima.

Bi Mwanaidi ni Mzaramo, sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, akakuvua kofia akaondoka nayo, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Mimi mke wa Kosmas siwezi kumwambia Baba Mdogo neno la kodi. Yeye anaweza. Nikamwomba. Akasema hilo ni jambo dogo.

Leo baada ya misa wote walikuwa ukumbini wanakula kuku niliyemnunua mimi. Bi Mwanaidi amefunga, ni Ramadhani, lakini utani haufungi. Aliingia na kopo tupu, akajibwaga mkekani kando ya Baba Mdogo, akamvua kofia.

"Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo ya watu, siku hizi mnataka kubebwa nyie! Toa ishirini ya chumba, mzee, au futari yangu unalipa wewe mpaka Idi!"

Walicheka wote. Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa, akatia mfupa wa kuku ndani ya kopo. Gotfridi akatia ganda la chungwa. Mpwa mmoja akang'oa kifungo cha shati, akatia. Hata Kosmas alicheka. Nilimwona.

Nimelichukua jambo la kweli nikalipeleka kwa mtu ambaye kila mmoja hapa amelelewa kumcheka. Bi Mwanaidi alinirudishia kopo uani, akasema watani zake wana vichwa vigumu. Nimelimwaga jalalani.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema mwenyewe. Nimepiga goti, nimetoa shikamoo, nimemwambia Baba Mdogo kwamba nyumba ina deni, itauzwa, na kwamba kila chumba hakina budi kutoa shilingi ishirini, au hata kumi.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza kama najua ng'ombe aliyeuzwa ili Kosmas amalize shule alikuwa wa nani. Najua. Kila mtu anajua. Ng'ombe yule ana sifa kuliko watakatifu wote wa parokia. Kisha alifunga mzigo wake, akatoka nao, akakaa barazani mtaa mzima umwone.

Kosmas aliporudi kazini alimkuta hapo. Alimwingiza ndani kwa mikono miwili, na mbele ya wote akaniambia niombe radhi. Niliomba. Mdomo uliomba.

Sasa mimi ni mchoyo. Gotfridi ameandika barua kwenda Tabora. Mkewe ananisema bombani, na nikifika na ndoo yangu anaanza kuimba.

Jumanne, 30 Aprili

Mshahara. Ya Aprili imelipwa, karibu yote kwa fedha yangu. Ya Januari na Februari yako pale pale. Viatu vya Yusto vimepasuka mbele, atakwenda navyo hivyo hivyo.

Ugali na mchicha, wiki ya pili. Hakuna mgeni aliyeondoka kwa sababu ya mchicha. Nilikuwa na tumaini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimegombana na Bi Mwanaidi.

Nilimwambia yeye anastarehe. Hana nyumba, hana deni, anakaanga vitumbua vyake anajifungia ndani. Akafuta mikono yake kwenye kanga. Kumbe ana nyumba. Magomeni, vyumba sita kama hii, mwaka wa nane sasa. Wapangaji wote ni watu baki, mmoja Mhaya, wengine Wamanyema, na fundi cherehani kutoka Unguja. Nduguze wa Kisarawe hawaujui mlango wake.

"Ningekaa mle mie, mwalimu, wangenila mpaka matofali. Ndugu hafuati nyumba, anamfuata mtu. Sasa mie nina chumba kimoja cha kupanga, akija atalala wapi? Anakula kitumbua, anakunywa maji, anakwenda zake."

Nikakasirika upya, kwamba amekaa nasi miezi yote hii akitutazama tunazama. Nikamwambia hivyo. Akasema hakuulizwa.

Tangu hapo sifikirii jambo jingine. Nimefundisha kuandika barua darasani leo na sikumbuki niliandika nini ubaoni.

Jumapili, 26 Mei

Nimemwambia Kosmas. Tuhame. Tupange chumba kimoja Keko, karibu na kazi yake, mimi nitatembea mpaka shule. Humu vyumba vyote sita wakae watu baki, watoe kodi ya miezi miwili mbele. Bi Mwanaidi yumo tayari. Wapya watano, arobaini kila mmoja, ni mia mbili. Deni la nyuma ni mia na tisini.

Alifoka. Atoke katika nyumba yake akapange kwa watu? Wenziwe stesheni waseme nini? Nikamwambia nyumba si yake, ni ya lile kabati la chuma. Nikampa barua ya pili. Ilikuja Ijumaa kwa jina lake, nikaifungua, nikaificha mpaka niwe tayari. Ina tarehe ya mnada. Ndiyo, nilifungua barua ya mume wangu. Naye aliificha ya kwanza mfukoni mwa koti.

Aliisoma mara mbili. Akageuza ndoo akakaa juu yake. Akasema vinne vingetosha.

Tangu tuweke msingi nimetaka kuyasikia maneno hayo. Hayakunifurahisha hata kidogo. Alionekana mdogo pale juu ya ndoo, na hilo nalo liliniudhi.

Jumatano, 29 Mei

Hakuna aliyefukuzwa. Kosmas aliwaambia tu kwamba sisi tunahamia chumba kimoja. Ikatosha. Kufikia jana Gotfridi alikuwa amepata kazi ya kupakia mizigo na chumba Ilala. Siku mbili! Miezi mingapi kazi haikuonekana? Wapwa wamemfuata huko. Mama na bintiye wamepanda gari la leo, pamoja na Baba Mdogo.

Baba Mdogo nimemsindikiza mimi. Nilimbebea kikapu cha njiani, mayai ya kuchemsha, mkate, chupa ya chai. Nilijiandaa kwa lawama. Nilikuwa na majibu, nimeyapanga tangu Pasaka, makali yote. Akiwa dirishani alinishika mkono.

"Mwanangu, nyie watu wanne. Vyumba sita. Mimi nilidhani mmetujengea."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani hivyo kweli, tangu siku aliposhuka na ngiri yake. Na katika barua aliyowahi kumwandikia kuhusu nyumba, Kosmas aliandika "nyumba yetu". Niliiona barua ile kabla haijatiwa stempu. Sikuona kosa lolote ndani yake.

Gari likaondoka, nikabaki na majibu yangu yote. Nimelia mbele ya wachukuzi, na nimejikasirikia kwa kulia.

Jumamosi, 1 Juni

Tumehama kwa mkokoteni mmoja. Kitanda, meza, masanduku mawili. Chumba cha Keko kina dirisha moja, linatazama choo cha jirani. Mwenye nyumba ametuambia watoto wasikimbie ukumbini na tusipike baada ya saa mbili. Ndiyo bwana, tumesema. Ndiyo bwana.

Mia mbili zimepatikana. Kosmas amezipeleka ofisini mwenyewe, amerudi na risiti mkononi, hakuikunja. Baadaye nilimwekea chai.

Nimechoka kukasirika, na bado nimekasirika.

Jumamosi, 3 Agosti

Asubuhi nilikwenda Temeke kuchukua kodi, mara ya kwanza tangu tuhame. Kosmas hakutaka kuja. Alisema ana kazi, na ilikuwa Jumamosi yake ya kupumzika.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mbao zake nilizichagua mimi, moja moja. Nikabisha hodi. Alitoka mwanamke nisiyemjua, ameshika tambara linalochuruzika maji. Mumewe ndiye aliyetulipa mwezi wa Juni, yeye amefika baadaye. Alinitazama mimi na kikapu changu.

"Vyumba vimejaa, dada. Labda ujaribu nyumba ya tatu."

Nikamwambia sitafuti chumba, nimefuata kodi. Aliona haya, akaniomba radhi. Akasema mumewe yuko sokoni, Bi Mwanaidi hajarudi na sinia lake, na ndani wanapiga deki, kama sitajali nisubiri barazani. Akaniletea kigoda.

Nikakaa. Kulikuwa na upepo kidogo. Kutoka ndani nilisikia mtoto akisukuma kitu sakafuni katika chumba kilichokuwa cha Imelda, kopo nadhani, linakwenda na kurudi. Imebaki miaka kumi na mmoja ya mkopo.

Yule mwanamke akarudi na maji ya kunywa, akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Keko.